Swali la Saba

Nyemo karudi na daftari lake la hesabu,
swali la saba limepigwa kosa jekundu:
"Mama mmoja alichota madumu arobaini kwa siku,
kwa siku kumi na tisa. Alichota madumu mangapi?"
Mtoto kaandika mia saba na ishirini.
Mwalimu Chedego alitaka mia saba na sitini.

Huyo mama ni mimi.
Mwalimu aliniuliza juzi kwenye mashine ya kusaga,
nikadhani ni maongezi tu.

Kilikuwa kiangazi, mwezi ambao hapa Chinyika
hata mbuzi hukohoa vumbi.
Wageni kumi na sita walishuka na glavu mpya,
shingo zao zikaiva kabla ya saa nne.
Walikuja kutujengea darasa.
Na saruji, yeyote aliyeshika mwiko anajua,
haijengi kwa huruma. Saruji inataka maji.
Maji yako chini ya mchanga wa korongo:
unafukua kwa mikono, unangoja yajitokeze,
kama anayengoja mgonjwa aseme neno.
Punda wawili, madumu manne manne, safari tano.
Jua lilinikuta njiani, likaniacha njiani.

Kwenye karatasi yao sikuandikwa Matika.
Niliandikwa "nguvu za wananchi".
Kwenye picha niko pembeni:
sikio la punda na kiwiko changu.

Sisemi kwa uchungu. Walikuwa watoto wa watu.
Kulikuwa na mmoja, Klara, sisi tukamwita Kalala,
alipanga tofali kama anayemlaza mtoto,
taratibu mno, fundi Mhawi akauma ulimi.
Jioni walicheza mpira na vijana wetu, wakafungwa.

Siku ya kumi na moja Nyemo alichemka.
Homa ya kugeuza macho.
Nikamfunga mgongoni alfajiri, nikashika njia ya zahanati,
sikumwambia mtu, punda nikawaacha zizini.

Yaliyobaki nilisimuliwa.
Pipa kavu. Fundi kakaa juu ya mfuko wa saruji.
Wale kumi na sita wakatazamana,
kisha wakaenda korongoni wenyewe.
Punda waliwagomea.
Wakabeba wawili wawili, dumu katikati,
limening'inia kwenye mpini wa jembe,
jozi nane, safari tano,
maji mengine wakivinywesha viatu vyao.
Giza liliingia ndipo pipa likajaa.
Siku ile halikuinuka tofali hata moja.

Kesho yake nilipotokea na punda wangu
walinipisha njiani, bila kuimba, bila kamera.
Kalala aliitazama shingo yangu
kama mtu aliyeonyeshwa bei
ya kitu alichokwisha kula.

Siku kumi na nane, basi. Mia saba na ishirini.
Sijui Nyemo kakosea kuzidisha,
au homa nayo ina kumbukumbu zake.

Lakini kuna hesabu ambayo mwalimu hakuiuliza.
Siku ya ishirini basi lao liliondoka na vumbi lake,
wakapunga mikono hadi kona ya josho.
Plasta ilibaki mbichi.
Plasta ikilala na kiu hupasuka,
na hakuna aliyeandikwa kuinywesha.
Siku saba, asubuhi na jioni,
niliumwagia ukuta ule kwa kopo la maziwa,
mimi nao tu, mlango bado haujafika,
ukinywa kwa sauti ndogo, kama ndama.
Hayo sikuyahesabu.

Nimemrudishia Nyemo daftari lake.
Nimemwambia aliache jibu vile vile, asilifute.
Kesho ataketi tena pale karibu na dirisha,
ataegemea.
Ukuta una ubaridi, ananiambia,
hata saa nane mchana.