Juu ya Duka la Fundi Viatu

Alhamisi, saa moja jioni, Wolverhampton.
Ngazi kumi na nne, zulia limelika katikati,
na harufu ya ngozi inapanda pamoja nasi
kutoka dukani kwa fundi viatu.
Ngozi, gundi, nta.
Tunavua viatu. Tunakaa.

Dada yangu akipiga simu kutoka Tanga
huuliza, Huko mnafanya nini kila Alhamisi?
Namwambia, Tunakaa.
Mnakaa tu?
Tunakaa tu.
Anacheka hadi salio linakwisha.

Lakini hebu fikiri: miaka kumi na tisa nchi hii
naulizwa ninatoka wapi,
kwenye foleni ya posta, kwa daktari wa meno mdomo wazi,
na nikishajibu naulizwa tena, Lakini hasa, hasa?
Hakuna aliyeuliza ninakaa wapi.
Ninakaa hapa. Juu ya mto huu wa kijani
unaovuja pamba pembeni,
goti la kushoto limekufa ganzi.

Nirmala ndiye anayegonga kengele.
Baba yake alishona viatu Punjab,
na kijijini kwao aliyeshika ngozi hakushikwa.
Maji alimiminiwa kutoka juu, viganja vikikinga,
mtungi usije ukamgusa.
Akavuka bahari, akakuta mizani nyingine
inayopima ngozi nyingine: ile aliyoivaa.
Nirmala husimulia haya akimenya chungwa,
bila kupandisha sauti,
halafu anagawa vipande.

Mimi kazini naitwa Edie.
Mwanaidi ni refu mno, walisema, kwa beji.
Chumba namba sita yuko Bwana Pritchett,
miaka themanini na nane, mifupa ya ndege.
Jumanne nilimpelekea taulo la moto,
akaniambia, Si mikono hiyo. Lete mingine.
Kana kwamba nina mingine kabatini.
Msimamizi akaandika kwenye daftari:
Mteja ana upendeleo wake.
Upendeleo!
Kama mtu asiyetia sukari kwenye chai.

Basi leo nimekaa na Jumanne hiyo mapajani.
Vuta, anasema Nirmala. Toa.
Pumzi inaingia na kiwi ya viatu.
Pumzi na kupumzika ni mtu na dada yake, najua,
lakini leo hawasemezani.
Hasira inapanda ngazi zote kumi na nne
na haivui viatu.

Nilidhani nitaambiwa nisamehe.
Nimeshaambiwa nisamehe na watu wengi,
wengi wao wakiwa na haraka ya kurudi makwao.
Nirmala hakusema hivyo.
Alisema, Ipishe, ikae. Usiipe chai, usiipige.
Itazame ina umri gani.

Nikaitazama. Ilimzidi umri Bwana Pritchett.
Ilinizidi mimi, ikamzidi mama yangu,
ilijua majina ya watu nisiowajua.

Upande wa dirisha, Merlene,
aliyeendesha basi la jiji miaka thelathini,
analia polepole kama bomba lisilokazwa vizuri,
na hakuna anayekwenda kulikaza.
Humu hakuna anayemuuliza,
Una hakika walikusudia hivyo?

Kengele. Chungwa. Viatu.

Kupoa si kupona, nikamwambia Nirmala ngazini.
Akasema, Ndiyo.
Akatafuta funguo mkobani, akazikosa, akazipata.
Wiki ijayo machungwa ulete wewe.

Ijumaa asubuhi nilifungua daftari,
nikapiga mstari juu ya upendeleo,
nikaandika jina lake halisi
kwa kalamu inayovuja, wino hadi kidoleni,
nikatia sahihi: Mwanaidi,
herufi zote nane.

Kisha chumba namba sita.
Mikono ileile.
Nikasimama mlangoni pumzi tatu,
labda nne,
taulo linapoa,
nikabisha.