Toa Saba

Elfu moja, toa saba. Mia tisa tisini na tatu.
Daktari Lempinen anagonga kalamu mezani:
"Haraka, Aune! Umekosea. Anza upya."

Mwaka jana hesabu hiihii
iliukimbiza moyo hadi mia na ishirini.
Leo kidonge cha asubuhi kimeutia lijamu:
sitini na mbili, sitini na mbili,
huku theluji ya Turku ikifunika baiskeli nje ya dirisha.

Kisha, taratibu, kalamu imelala:
"Na Veikko? Nieleze siku aliyoondoka."

Sitini na mbili.

Moyo ulikwishakatazwa; haukusema neno.
Ila viganja, ambavyo hakuna aliyeviandikia dawa,
vililowesha fomu niliyotia sahihi
mpaka wino wa jina lake la ukoo,
ambalo bado ninaliandika,
ukatapakaa.