Nukta Kumi za Ukingoni

Nimeajiriwa kuandika maelezo, si kurekebisha.
Meneja alisisitiza: Minza, usiguse kinachofanya kazi.
Basi naandika, ghorofani Kirumba,
juu ya duka la nyavu, feni ikipiga chafya,
shombo ya dagaa ikipanda ngazi bila hodi.

Kiendeshi hiki ndicho kinachochora bao la ratiba gatini:
Nansio, saa tatu asubuhi. Nansio, saa nane mchana.
Mistari elfu nne ya Nkwabi, na maoni matatu tu,
moja likisema: hapa pana maneno.
Nkwabi hayupo. Ukimuulizia ofisini
watu hukumbuka kwamba chai inapoa.

Sura ya kwanza. Bafa ni kipande cha kumbukumbu
ambacho skrini hukisoma mara sitini kwa sekunde,
toka juu kushoto hadi chini kulia,
kama mtoto anayesomeshwa kwa fimbo, haruki neno.
Kila nukta ina baiti nne:
bluu hutangulia, kijani, nyekundu,
ya nne tupu, kiti cha mgeni.
Ukizigeuza, nyanya za tangazo zitakuwa za bluu
na ziwa litashika moto.

Sura ya pili. Bafa ni mbili.
Moja inatazamwa, nyingine inachorwa,
wala hazibadilishani zamu mpaka skrini imalize mstari wa mwisho
na kuvuta pumzi. Sentensi hii nimeifuta mara tano.
Mwishowe nikaandika kama mama angesema:
ugali unaosongwa haupakuliwi.
Ukiwahi, abiria atasoma kichwa cha saa tatu
juu ya kiwiliwili cha saa nane,
atakimbia na kuku wake kuiwahi meli isiyokuwepo.

Sura ya tatu ilinila wiki.
Upana wa skrini ni nukta 1366.
Zidisha kwa nne: 5464.
Lakini Nkwabi, kila mstari, anaruka 5504.
Baiti arobaini za ziada. Nikasema amekosea.
Nikazitoa, kwa siri, kwenye mashine yangu,
na bao zima likalala upande
kama nyumba za Igogo zilizoegemea mawe.

Kumbe chipu haitaki mstari
usiogawanyika kwa sitini na nne. Huujazia.
Nukta kumi ukingoni, kila mstari,
zipo kwenye kumbukumbu, hazipo kwenye kioo.
Shamba halali lisilofikiwa na mwanga.

Jana umeme ulirudi saa sita usiku.
Nikaichota bafa yote kutoka gatini, nikaitandaza
kwa upana wake wa kweli,
nikitegemea weusi mtupu upande wa kulia.

Palikuwa na herufi.
Nyembamba, nukta tisa kwa upana, zikishuka moja moja
kama mtu ashukaye mawe gizani:
L, i, m, i.
Kisha tarehe. Kisha Limi tena, na tena,
hadi mstari wa mia saba sitini na nane.

Nikafungua bafa ya pili. Naye yumo.

Kwetu Limi ni jua.
Alikuwa na miaka sita. Hilo nililipata asubuhi
kwa mama wa chai, ambaye alilisema akiutazama mwiko,
na hela ya chapati akakataa.
Mara sitini kwa sekunde skrini humpita,
haimsomi, wala haimkanyagi.

Waraka unadai ukweli wote.
Atausoma kijana wa mwakani, mwenye haraka, mpenda usafi,
ataona pa kufagia.
Nikakaa na kalamu mdomoni, kisha nikapiga chapa:

*Nukta kumi za mwisho za kila mstari zimehifadhiwa.
Hazionekani. Kiendeshi huzijaza mara moja, kinapoamka.
Usizifute.*

Pa kuandika sababu nikapaacha wazi.
Kule gatini bao likageuka:
Nansio, saa nane.