Bua la Thelathini na Moja

Mabua themanini na manne ya chuma
yamepandwa ndani ya ghala la zamani, hapa Sakai,
na hakuna hata moja lenye mizizi.
Ni spoku za baiskeli, zimefungwa tatu tatu,
zikavikwa vichwa vya karatasi.
Chini ya kila bua kuna mota isiyozidi kidole gumba
na kihisi kinachongoja nyayo.
Ukikaribia, yanainama.
Ukienda zako, yanasimama wima
kama watu waliokwisha kukusahau.

Aliyeyatengeneza ni Hisano Tokuoka.
Anakula akiwa amesimama,
vidole vimeungua kwa kulehemu,
na huzungumza na kompyuta kuliko anavyozungumza nasi.
Mimi ni Kuwabara. Nafagia.
Kabla ya ufagio nilinyoosha magurudumu,
miaka thelathini na minane, kiwanda kimoja, kiti kimoja:
nalizungusha gurudumu mbele ya jicho la kulia,
nasikiliza lilipo kosa.
Kosa lina sauti yake. Asikudanganye mtu.

Bua la thelathini na moja lilikuwa linachelewa.
Mengine yote yakishainama
lenyewe bado wima,
kana kwamba linauliza: nani tena huyu?
Kisha, kwa mkwaruzo mdogo,
linakuja.
Kawia ufike.

Watoto wa shule walipanga foleni mbele ya hilo moja.
Wakaliita Nemu, eti lina usingizi.
Kuna bwana mwenye tai, kila Alhamisi saa ya chakula,
alikuja kusimama pale na mfuko wake wa wali,
akiinama kwanza yeye,
akibaki ameinama
mpaka lijibu.

Nami, kila jioni, nikipita na ufagio,
ule mkwaruzo ukinikereketa kama mchanga kwenye jino.
Nilijua ni nini. Gololi moja, imeshika kutu.
Usiku wa Jumanne nikaleta bisibisi yangu ya kiwandani,
grisi kidogo ndani ya kifuniko cha chupa,
gololi mpya.
Dakika kumi na moja.
Tenda wema, wahenga wanasema, uende zako.
Nikaenda zangu. Nikalala fofofo.

Asubuhi yakainama themanini na manne
kwa mpigo mmoja, kama askari.
Watoto wakaangalia, wakaangaliana,
wakauliza choo kiko wapi.
Alhamisi yule bwana aliinama,
akajibiwa papo hapo,
akakaa na wali wake mkononi
kama mtu aliyebisha hodi akakuta mlango umeng'olewa.
Hajarudi.

Hisano akafungua kompyuta.
Akaliandikia Nemu uchelevu:
sekunde moja na nusu. Mbili. Mbili na robo.
Akaliambia libahatishe lenyewe.
Wapi! Lilichelewa, ndiyo,
lakini kama karani anayekuweka makusudi
huku chai yake ikipoa.
Siku nne hakunena na mtu.
Nilifagia pale pale alipoketi,
nikafagia tena palipokwisha kufagiliwa.

Ile gololi sikuitupa. Fundi hatupi kitu.
Ilikuwa ndani ya kiberiti, ndani ya koti,
na kila nikipiga hatua
ilinisengenya.

Usiku wa tano nikaiweka mezani kwake.
Nikasema: ni mimi.
Nikasema: nilidhani ni ugonjwa.
Akaigeuza chini ya taa, ndogo, nyekundu,
kama punje ya mtama iliyoliwa na mdudu.
Nikainama, chini kuliko desturi.
Nikawa naona viatu vyake tu.
Nikahesabu moja.
Nikahesabu mbili.
Viatu havikusogea.
Mgongo wangu ukaanza kunidai umri wake,
na bado sijui kama ningeruhusiwa kunyanyuka,
ndipo nikasikia, juu ya kichwa changu,
mkwaruzo mdogo:
droo ilikuwa inafunguliwa,
alikuwa anatafuta bisibisi.