Una Uhakika?

Tampere, Desemba. Saa tisa mchana, giza limeshabisha hodi.
Rauno kavaa miwani, kalamu nyekundu mkononi,
taarifa ya benki kaitandaza juu ya meza ya jikoni.

Bandu bandu huisha gogo:
yuro tisa, filamu asizotazama;
yuro thelathini na nne, ukumbi wa mazoezi
alikoingia mara moja, akatoka akichechemea;
yuro sita, kinga ya virusi
ya kompyuta aliyokwisha itupa;
na jarida la bustani, naye yu ghorofa ya tano.

Anakata. Simu inamuuliza: Una uhakika?
Ndiyo.
Tutakukosa. Una uhakika kabisa?
Ndiyo!
Tukikupa miezi miwili bure, je, utabaki?
Loo, hata mashine inajua kubembeleza.

Jarida lilikuwa la Seija.
Aliposhuka ngazi Oktoba ile, sanduku kila mkono,
Rauno alikuwa papa hapa, akikoroga kahawa.
Hakumuuliza hata mara moja.

Anajumlisha: arobaini na tisa kila mwezi.
Si haba. Viatu vya theluji vyamngoja dukani.

Lile la bustani
kalamu inalizunguka, inalizunguka.
Acha lije, mwezi huu.