Kura za Usiku

Nilitundika vihisi arobaini na vitatu
katika jengo la vioo kando ya Barabara ya Ngong,
vyeupe, vidogo, kama sabuni za hoteli.
Vilipima joto, unyevu, hewa iliyochoka.
Lakini kihisi hakihisi. Kinapima tu.
Kwa hiyo chini ya kila kimoja nikaweka vitufe vitatu:
Baridi. Sawa. Joto.
Bonyezeni, nikawaambia, msinionee haya.

Wakabonyeza. Nasieku wa uhasibu
alibonyeza Joto kila siku kuanzia saa nane mchana
hadi nikakiona kidole chake ndotoni.
Kihisi chake kilisema nyuzi ishirini na mbili.
Nikaenda nikaketi kitini pake: jua la Februari
likanishika shingo kama mdai.
Kihisi kilikuwa kivulini, nyuma ya kabati, kikistarehe.

Nikakihamisha. Kisha nikatunga amri:
usiku, Nairobi ikipoa, madirisha ya juu yajifungue yenyewe,
zege linywe baridi hadi alfajiri,
mchana liiteme polepole juu ya vichwa vya watu.
Bili ya stima ikashuka.
Mwenye jengo akaanza kuniita injinia,
mimi fundi wa diploma.

Julai, nikichambua takwimu,
nikakuta kura nilizoagiza zitupwe:
zote za kati ya saa moja jioni na saa kumi na mbili asubuhi,
kwa kuwa saa hizo, niliandika kwa mkono wangu,
jengo halina watu.

Saa tano na robo, ghorofa ya pili: Baridi.
Saa sita kasoro, ya tatu: Baridi.
Saa nane, ya tano. Baridi. Baridi.
Usiku thelathini na nane
mtu asiyekuwepo akipanda ngazi, akitetemeka.

Nilikwenda. Anaitwa Syombua.
Alikuwa amevaa soksi mikononi, ndani ya glavu za mpira,
na ndoo yake ikifuka mvuke kama sufuria ya uji.
"Nilidhani hicho kitu kinaita mtu," alisema.
"Nikibonyeza, nangoja kidogo.
Halafu napiga deki."

Kitanda usichokilalia, walisema wahenga.
Mimi nilikuwa seremala wa kitanda chenyewe.

Sasa madirisha humngoja.
Akimaliza ghorofa, hugusa swichi ya mlangoni
na usiku huingia nyuma yake, si mbele.
Zege hunywa kwa kuchelewa. Nasieku ameongeza kura mbili za Joto
na bili imepanda kidogo;
mwenye jengo ameuliza, nikamwambia nachunguza.

Jana, saa tisa na dakika kumi usiku, ghorofa ya sita:
Sawa.
Mara moja tu.
Sijui kama ni joto lililomfikia
au ni adabu.