Chombo Kinachoita

Nilipostaafu chumba cha redio bandarini
walinipa saa ya ukutani, keki, na kiinua mgongo.
Saa nimempa jirani. Keki ililiwa pale pale.
Mgongo nimeupeleka Kunduchi,
nikaukuta umelala juu ya magogo manne:
futi thelathini na nane za faiba kuukuu.

"Mama, wenzio wananunua bajaji," alisema Aikande.
"Wenzio wanajenga vyumba vya kupangisha, Chanika."
Mwanangu huyu amerithi hesabu za baba yake.
Sikumjibu. Nilikuwa nimeinama chini ya mkuku
nagonga kwa mpini wa bisibisi, ko, ko, ko,
kama mnunuzi wa tikiti pale Buguruni,
hadi kule tezi, karibu na shafti ya rafadha,
sauti ikageuka: pu.

Mjane wa Bwana Pinto akatazama pembeni.
"Hapo paliwahi kugusa mwamba. Kidogo."
Nikapunguza milioni sita. Kidogo.

Fundi Shebughe aliivua nguo kwa msasa:
bluu, chini yake kijani, chini yake krimu,
na kila rangi na jina lake.
MARIETA. Chini ya Marieta, ZAMZAM.
Chini ya Zamzam herufi mbili, L na A,
nyingine zimeliwa.
Malengelenge sabini na moja, aliyazungushia chaki,
akayapasua moja moja; yakatoa maji yanayonuka siki.
"Iachwe ikauke mwezi mzima," alisema. "Na usinipigie simu."
Mwezi huo vuli ikawahi.
Tukaifunika kwa turubai la msibani,
la kukodi, tunalipia kwa siku.

Gerezani nilitafuta pampu ya kufyonza ngama.
Kijana akanipa ya Fuso. Nikacheka.
"Mama," akasema, "maji hayajui yako wapi."
Nikainunua.

Injini ya kulia iliwaka siku ya kwanza.
Ya kushoto ilikula nozeli nne, gasketi,
na sikukuu yangu yote ya Pasaka.

Niseme ukweli.
Miaka thelathini na mmoja nimewaambia manahodha
punguza mwendo, subiri rubani, ingia sasa,
na mimi mwenyewe sijavuka maji
zaidi ya pantoni ya Kigamboni,
nimeshika mkoba kwa mikono miwili.
Bibi yangu alishuka kutoka Upareni mara moja tu,
akaiona bahari, akauliza: nani anaitikisa?
Kazini nilikaa dirishani nikimtafuta huyo anayeitikisa.
Ninaona meli tu.

Zinki mpya. Mnyororo wa nanga mita sitini.
Nyaya zote nimezibadilisha, hata ile nyekundu
ambayo hakuna fundi aliyejua inakwenda wapi.
Jumapili Aikande akaja na majaketi okozi matano.
Niliagiza manne.
Hakueleza, na la tano ni dogo.

Leo imo majini.
Inavuja matone matatu kwa dakika, palepale penye pu;
Shebughe anasema hilo ni jasho.
Fomu ya usajili iko mezani, imebanwa kwa kikombe cha chai,
kila mstari umejaa isipokuwa wa kwanza.

Nimewasha redio. Chaneli ya kumi na sita.
"Bandari ya Dar es Salaam, Bandari ya Dar es Salaam,
naomba kujua kama nasikika."
Mkwaruzo. Kisha sauti ya kijana niliyemfundisha mwenyewe,
Kiswahili kimepigwa pasi, kama nilivyotaka kipigwe:
"Chombo kinachoita, taja jina lako."

Maneno hayo ni yangu.
Nimeyasema zamu za usiku, mdomo umejaa karanga,
sikuwahi kufikiri yanamfikia mtu namna gani.

Kidole kimebaki kwenye kitufe.
Chini ya sakafu pampu ya Fuso imeanza kunguruma.
"Chombo kinachoita," anarudia, taratibu,
kama anaongea na mgeni,
"taja jina."